Matofali ya Foyer

Nilikuwa nimekuja Kamina kwenye kilio cha baba yangu mdogo. Siku ya pili, kabla jua halijawa kali, nikasema niende kidogo kuiona foyer. Nilipita nyumba za kampi ya reli, zile za matofali mekundu zinazofanana kama watoto wa tumbo moja, nikakata kona ya bomba la maji, nikasimama. Hapakuwa na kitu. Sisemi nyumba iliyochakaa, rafiki yangu, wala ukuta uliopasuka, magofu ningeyavumilia. Palikuwa na shamba la mihogo, limepandwa vizuri kwa mistari. Hata msingi ulikuwa umechimbuliwa. Nilidhani nimepotea, mahali ambapo zamani ningeweza kutembea nimefumba macho.

Kama hukuijua, foyer ilikuwa nyumba ya akina mama na watoto wa kampi. Baba zetu walifanya kazi ya reli, nyumba tulizolala zilikuwa za reli, na foyer nayo ilikuwa ya reli. Humo mama zetu walijifunza kushona, kufuma, kusoma. Watoto wachanga walipimwa uzito. Na hakuna aliyeombwa chochote. Kuta zake zilikuwa za kijani, rangi ya majani ya muhogo machanga. Asubuhi, king'ora cha karakana kikishalia na baba zetu wakishaondoka, sisi wasichana tulichota maji, tukafagia lupango, yaani ua wa nyumba, kisha tukaifuata harufu: uji wa mahindi na karanga za kutwanga, ukichemka kwenye sufuria kubwa nyuma ya foyer. Mpaka leo nikisikia cherehani ikikimbia, ulimi wangu unaonja uji ule.

Kuna mwaka mmoja ambao siusahau. Jirani yetu, mama aliyetoka upande wa Kabongo kuolewa kampini, alikuwa na mtoto wa kiume aliyeacha kutembea. Nywele zilikuwa nyekundu kama vumbi, miguu imevimba, ngozi inabanduka. Akina mama walinong'ona kwamba mtoto amerogwa. Bibi yangu naye, tuliyemwita kambo, alitukataza kuvuka ua ule. Jirani akajifungia ndani na aibu yake. Tulikuwa tunasikia kilio cha mtoto kinavyozidi kuwa chembamba.

Mwalimu wa foyer, aliyeletwa na reli kutoka mbali, alipopata habari alikuja mwenyewe. Hakugombeza mtu. Alikaa chini kwenye mkeka, akavua viatu, akamweka mtoto mapajani mbele ya wote waliokuwa wanachungulia, na kambo akiwa wa kwanza. Akasema, "Mutoto haiko ya mama yake peke. Iko ya kampi yote." Kisha akatutuma tuchukue karanga na samaki wakavu, akamwonyesha yule mama namna ya kuvitwanga na kuvichanganya na uji. Tangu hapo jirani alipita kila asubuhi mbele ya mlango wetu, mtoto mgongoni, akienda foyer. Msimu wa mvua ulipokwisha, mtoto alikuwa anaenda kwa miguu yake mwenyewe, mkono kwenye kitambaa cha mama yake. Kambo alimtazama akipita. Siku iliyofuata alichukua bakuli la karanga za shamba lake akazipeleka foyer.

Basi, kutoka kwenye lile shamba la mihogo nilikwenda moja kwa moja kwa jirani yule. Bado yuko katika nyumba ileile, mzee sasa, macho hayaoni vizuri. Alinipokea jikoni, chumba kipya kilichojengwa nyuma. Nilikuwa sijakaa bado nilipoona ukuta. Matofali mengine yalikuwa mekundu, mengine yana upande mmoja wa kijani.

"Mama," nikamwuliza, "nani alivunja foyer?"

"Siye benyewe," akajibu, kama mtu anayeulizwa habari za mvua. "Kazi ya reli ililegea, mwalimu akarudia kwabo. Kwanza balibeba mabati. Kiisha milango. Haya ya jikoni, mutoto yangu njo aliyaleta."

"Mutoto gani?"

"Weye unamujua. Ule balikuwa banapatia uji."

Niligusa tofali moja lenye upande wa kijani. Yule mtoto, kwa nyundo, ukuta ule. Jirani akanigeukia.

"Usikasirike, mwanangu. Kintu kama haina mwenyewe, mvua itaikula. Afazali siye."

Sikukasirika. Nilishindwa hata kukasirika. Nilikuwa nimeamini maisha yangu yote kwamba foyer ni yetu, na sasa niliona kwamba ilikuwa yetu ya kuingia tu. Walioshika funguo walipoondoka, hakuna aliyetufundisha kuzishika.

Mkamwana wake, mke wa kijana huyohuyo, alikuwa mlangoni ananyonyesha. Mtoto wake alikuwa mwembamba kidogo. Nilijaribu kutotazama sana. Akaniuliza kwa heshima, kama dada yake mkubwa, "Yaya, mule ndani balikuwa banafanya nini?"

Nikamweleza yote: cherehani, mizani, uji wa wagonjwa.

"Na bamama balikuwa banatoa nini?"

"Hapana kintu. Ilikuwa ya bure."

Alimgeukia mama mkwe wake kuona kama ninatania. Mzee akatikisa kichwa kuwa ni kweli. Binti yule akamvuta mtoto karibu zaidi na kifua, akafikiri.

"Sasa bale bantu ba reli," akasema polepole, "balikuwa banatafuta nini kwenu?"

Nyumba hujengwa tena, rafiki yangu. Matofali yapo, udongo wa Kamina haujaisha. Lakini nilikaa pale jikoni na swali la binti yule, na sikupata njia ya kumwambia kwamba enzi zetu hakuna mtu aliyewahi kuliuliza.