Lori Langu Alilolichukua Baba

Kuna fundi simu pale Majengo ambaye hufanya kazi yake karibu kabisa na barabara. Nikipita akiwa anachomelea waya, ule moshi wa risasi ya kuchomelea ukanifikia, mkali na wenye harufu kama ya utomvu ulioungua, narudi papo hapo kibarazani kwetu Kawajense. Niko darasa la nne, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimeshika ncha mbili za waya, na baba ananiambia nisitikisike.

Baba alikuwa dereva wa malori. Masika yale alikuwa akitoka Kasansa na shehena ya mpunga, akakuta mto umejaa. Utingo wake, Yohana, alitangulia majini na fimbo, akapima, akapunga mkono kwamba panapitika. Baba akaingia. Katikati ya mto lori likazama upande mmoja, likalala ubavu. Yohana alitoka mzima. Baba alivunjika nyonga, na baada ya hospitali akarudi nyumbani kwa magongo.

Kabla ya hapo baba alikuwa mtu wa maneno mengi, anayeweza kukusimulia safari moja mpaka ugali ukapoa. Sasa akawa mtu wa "eeh" na "hapana". Sokoni watu walisema utingo ndiye aliyeua gari. Yohana, kijana wa familia za wakimbizi wa Katumba, aliyekuwa akila kwetu kila waliporudi safari, hakuonekana tena. Mama akiuliza habari zake, baba alitazama ukuta.

Mimi nilikuwa na lori la kijani la plastiki, zawadi aliyoniletea kutoka Sumbawanga, la kuvuta kwa kamba. Asubuhi moja akaniambia, "Kabula, niazime lori lako."

"La kufanyia nini?"

"Nataka litembee."

Nikamwambia mbona linatembea, ukilivuta tu. Akacheka kidogo. Nilikuwa nimesahau meno yake yalivyo.

Kwanza alitoa mota na rimoti kwenye kigari kibovu cha jirani, akavifunga kwenye lori langu. Alipobonyeza, lori liliruka kama swala, likavuka uwanja na kugonga sufuria ya mama jikoni. Mama akatoka na mwiko mkononi. "Mtu mzima na gari la mtoto!" Baba hakujitetea. Aliligeuza lori chini juu akasema, "Halifai hili. Lori haliruki. Lori linatambaa."

Akampigia simu baba mdogo wa Dar, ambaye yeye na wenzake hupandisha vigari vya rimoti kwenye mawe na matope siku za mapumziko. Likaja boksi kwa basi. Ndani mlikuwa na rimoti ambayo ukiibana kidogo gari linakwenda kidogo, mota yenye gia za chuma, ekseli mbili za kusukuma tairi zote, springi, na tairi laini zenye meno makubwa. Tulifunga kimoja kimoja pale kibarazani, mimi nikishika waya, yeye akichomelea. Baba alitafuta vipande vya risasi vya kubalansia magurudumu, akavibandika chini ili lori litulie. Mwisho wa yote, changu kilichobaki kilikuwa kichwa na bodi ya kijani.

Nilidhani sasa nitaendesha. Wapi! Tulishuka kijitoni nyuma ya nyumba, yeye na magongo yake, mimi nimebeba lori, na kazi niliyopewa ikawa ya utingo. Nilishona vifuko vya mchanga, nikavipakia. Kisha nilitangulia majini, nikakanyaga, nikasema, "Pagumu, baba." Lori langu likaingia polepole, likanguruma, likazama upande mmoja na kuanguka. Tukalikausha. Kesho yake tukarudia. Wenzangu walikuja kushangilia, wakachoka, wakaondoka. Mimi nilinuna, kwa sababu juu kidogo palikuwa na mawe mazuri ya kupitia, na kila nilipomwonyesha alisema, "Siyo pale. Hapa."

Siku moja akasema, "Nenda kwenye stoo za mpunga, anakofanya kibarua siku hizi, mwite Yohana. Mwambie nina kazi naye."

Yohana alikuja akiangalia chini. Aliamkia, baba akaitika, tukashuka wote kijitoni.

"Ingia majini," baba akasema.

"Mzee... mimi tena?"

"Ingia. Kanyaga hapo, uniambie."

Yohana akavua ndala, akakunja suruali, akakanyaga. "Pagumu."

"Una uhakika?"

Akakanyaga tena, kwa nguvu. "Pagumu, mzee."

Baba akalileta lori mpaka pale pale ulipokuwa mguu wake. Meno ya tairi yakaanza kula mchanga, maji yakauzoa, gurudumu la nyuma likashuka, na lori likalala ubavu na vifuko vyangu vyote.

"Umeona?" baba akasema. "Mguu hauchimbi. Tairi ndiyo inayochimba. Siku ile ulipima sawasawa, Yohana. Ulipokanyaga palikuwa pagumu kweli."

Yohana akakaa mle mle majini, suruali na yote, akalia kwa sauti. Nikadhani analilia lori. Nikamwambia, "Usilie anko, huwa tunalikausha tu, linapona." Baba akaniambia niende nyumbani nikamwambie mama aongeze unga.

Jioni ile Yohana alikula kwetu. Baba alisimulia safari moja ndefu mpaka ugali ukapoa. Hakuendesha lori kubwa tena, nyonga haikuruhusu, lakini alimfundisha Yohana udereva mpaka akapata leseni.

Mimi leo ni muuguzi. Nimeona watu wengi wakilia nje ya wodi kwa makosa ambayo si yao, nimewaambia si kosa lenu, na nimeona neno hilo lisivyowaingia. Baba angemwambia Yohana siku ya ajali kwamba hamlaumu, Yohana angeitika tu, angeondoka na mzigo wake. Siku zile nilidhani baba anatafuta njia ya kuvuka, nami nikamwona mkaidi kwa kukataa kupita kwenye mawe. Kuvuka hakukuwa shida yake. Alikuwa anatafuta kitu cha kumwonyesha Yohana kwa macho, na hakutaka kumwita kabla hajakipata.