Simu Moja ya Salgaa Ilimgharimu Chepkurui Miaka Mitatu

Saa tatu asubuhi, nyuma ya lojing'i moja mjini Salgaa, Chepkurui anakamua shuka ya kumi na tisa. Viganja vimebabuka kwa sabuni. Upande wa barabara malori yananguruma yakielekea Eldoret. Yeye hainui macho.

"Madereva siwaangalii siku hizi," anasema.

Zamani kazi yake ilikuwa mbele, kwenye kaunta, kugawa funguo. Siku moja dereva aitwaye Nderitu alimwomba amtafutie mnunuzi wa bangi aliyoificha chini ya magunia ya mahindi. Chepkurui alimjua mtu. Akapiga simu.

"Nilijua ni bangi, sitakudanganya. Alinipa mia tano, nikamnunulia mtoto viatu."

Polisi walimkamata yeye na Nderitu. Dereva alilipa dhamana, akatoka, na hajaonekana tena kortini. Chepkurui hakuwa na mtu wa kumdhamini. Alikaa rumande miezi minane, kisha akakiri kosa.

Maneno ya hakimu hajayasahau: "Hukubeba wala hukuuza, lakini bila wewe biashara hii isingefanyika." Akafungwa miaka mitatu kwa kusaidia ulanguzi.

"Hapo hakukosea," anasema, akitandaza shuka kwenye kamba. "Kile kinaniuma ni kwamba mwenye mzigo alienda nyumbani."

Bintiye, Jepkemei, alikuwa na miaka sita. Dadake Chepkurui alimchukua akamlea kwake katika mtaa wa Free Area. Mama alipofunguliwa mwaka jana, alipokewa na msichana mrefu aliyemsalimia kwa mkono, kama mgeni. Baadaye akasikia kwamba shuleni mtoto alikuwa amewaambia wenzake mamake alikufa.

Mwenye lojing'i alimrudisha kazini kwa shilingi mia tatu kwa siku, si kwenye kaunta. "Aliniambia, 'Chepkurui, wewe kaa huku nyuma. Wageni wasikuone.'"

Ijumaa hii shule ina mkutano wa wazazi, na dadake hakupata ruhusa kazini. Jepkemei amekubali mamake aende, kwa sharti moja: asiseme yeye ni nani.

Chepkurui ameshaomba siku hiyo, na ameazima sketi kwa jirani.

"Nitaenda. Mwalimu akiuliza, nitasema mimi ni anti yake," anasema, akiinama kuchukua shuka nyingine. "Nikienda mara nyingi, labda siku moja atachoka kunificha."