Mchanga wa Bibi Harusi

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka mtoni Migori na sabuni mbili na kiburi cha darasa la nane. Mwenyekiti wetu sisi madobi wa ukingoni, mama mtu mzima, aliniuliza nitafua shuka nyeupe kwa maji gani. Nikamwonyesha mto, ambao siku hiyo ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Alicheka mpaka leso ikamfunguka.

Nguo nyeusi zilifuliwa mtoni. Nyeupe zilikuwa na kisima cha mchanga: unachimba shimo kwenye mchanga wa ukingoni, unachota na kumwaga maji ya kwanza yanayojaa, unangoja, na yanayojaa baadaye huwa maangavu. Kisha unaanika juu ya nyasi, jua limalizie. Mtaa wetu haukuwa na bomba, lakini mapadri tuliowafulia kanzu walitoka weupe.

Wakati fulani nilihamia Homa Bay kufulia gesti moja. Kiboko akatoka ziwani, akaondoka na shuka begani. Meneja akaniamuru nimfuate. Nikamwomba atangulie yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa wa kazi. Wiki hiyo hiyo nilirudi Migori.

Nilikuta Akinyi, binti wa Mwenyekiti, anaolewa Jumamosi na Ouma, mchimba mchanga. Gauni lilikuwa la kuazima, na aliyelivaa kabla yake alikuwa amelimwagia mchuzi. Mvua ilikuwa imenyesha, mto umechafuka. Alhamisi tukashuka kuchimba kisima, tukakuta mchanga wetu wote umekwenda. Ouma alikuwa ameuhamishia kwake, ajenge nyumba ya kumweka bibi harusi.

Akaitwa. Sasa, kwetu mama mkwe hasemezani na mkwewe ana kwa ana, hata uso wake hautazami. Mwenyekiti akampa mgongo, akaniambia mimi, "Mwambie mkwe wangu, mchanga usiporudi, bibi yake ataolewa na mchuzi kifuani."

Ouma, hatua chache tu kutoka hapo, akainamisha kichwa. "Mwambie mama hiyo mchanga ni ya nyumba."

"Mwambie nyumba bila bibi ni stoo."

Niliyarudia yote, ingawa hakuna aliyekuwa kiziwi.

Mikokoteni ya punda ilirudisha mchanga siku nzima. Ijumaa tukachimba, tukamwaga maji ya kwanza, tukangoja. Niliogopa kuliko bibi harusi mwenyewe. Adhuhuri maji yakatulia, maangavu, nami nikalia waziwazi. Jumamosi gauni liling'aa kanisani. Bwana harusi ndiye aliyekuwa na mchanga masikioni.

Siku hizi mgongo umenistaafisha, lakini bado nashuka kutazama. Mto unatulea, nasi tunaupora kama watoto waliodekezwa. Waliwahi kuja maafisa wakasimika ubao wa kukataza kuchimba mchanga pale. Ubao huo leo ni mlango wa choo cha jirani yangu. Lakini mchanga wa kisima chetu haujaguswa. Wachimbaji wote wana mama mkwe.