Gari Lililokata Pumzi Mlimani

Mafundi wawili walikwisha badilisha plagi, chujio na pampu ya mafuta, na bado gari la wagonjwa la zahanati lilisitasita. Si kila siku. Mara linaruka kama swala. Mara ukikanyaga mafuta linakata pumzi, linatetemeka, ndipo linakumbuka safari. Msimamizi wa zahanati alilijaribu mwenyewe, halikusita hata kidogo, akahukumu: dereva ni mzembe. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari. Angekabidhiwa saa sita mchana.

Saa nne dereva aliingia gereji ya shangazi yangu, jasho likimtiririka. Shangazi ni fundi tangu sijazaliwa. Wenzake humwita Mama Spana. Hafungui boneti kabla hajakaa ndani ya gari na kuuona ugonjwa mwenyewe.

"Linasita lini, baba?"

"Likijisikia, mama."

"Gari halina nongwa. Lini?"

Dereva akawaza. "Nikiwa nimebeba watu. Mlimani."

"Na bosi wako alilijaribu na nani?"

"Peke yake. Uwanjani."

Shangazi akapiga makofi. "Pandeni wote! Leo nyie wagonjwa!"

Tukapanda saba, gereji nzima. Mpiga rangi, pande la mtu, alijitupa kwenye machela. "Nesi, nakufa!"

"Kufa kimya kimya, nasikiliza injini."

Kilima kilipoanza, dereva akakanyaga mafuta. Gari likasita! Tulishangilia kama tuliofunga bao, na mpita njia akatutazama kama wendawazimu.

Tuliporudi, shangazi aliweka mawe kwenye magurudumu, akafungua boneti. Dereva akashika breki, akatia gia, akaachia klachi taratibu. Injini ikainama upande. Bomba la mpira linaloipelekea hewa likavutika, na katikati ya mikunjo yake ufa ukafumbua mdomo. Dereva alipokanyaga klachi, ukafumba.

"Huyo hapo!" shangazi akapaza sauti. "Mzigo ukiwa mzito injini inainama, hewa ya wizi inaingia, mafuta hayalingani nayo. Gari tupu litasema nini?"

Bomba jingine lilikuwepo rafuni. Nikalikimbilia. Shangazi akanizuia.

"Nikifunga sasa, ushahidi nimeuzika. Mpigie huyo bosi."

Msimamizi alifika saa sita kasorobo, bahasha mkononi. Shangazi akamwinamisha juu ya injini, dereva akarudia. Ufa ukafumbuka mbele ya pua yake.

"Lakini nililijaribu mwenyewe," akanong'ona.

"Ulijaribu gari, mwanangu. Hukujaribu kazi yake."

Damu ilinichemka: mtu atupwe kwa sababu mkubwa alizunguka uwanja mara moja! Msimamizi aliitazama bahasha, akaichana vipande vinne.

"Samahani, kaka. Pumzika leo, uje kesho."

"Kesho?" dereva akaruka. "Saa saba nina mjamzito wa kumchukua kule juu! Mama, funga hilo bomba!"