Katambuga za Usoke

Tulikuwa tunahiji kwa miguu kutoka Urambo hadi Tabora, na mimi, kwa ujuaji wangu, nikavaa raba mpya. Tulipofika Usoke visigino vilikuwa vimechubuka, damu imelowesha soksi. Kiongozi wetu akaniamuru nipande gari lililobeba mizigo yetu. Nikamwambia apande yeye.

Mama mmoja mkulima wa tumbaku alitusikia. Akavua katambuga zake, viatu vya tairi, akanivisha.

“Hizi zimeshalainika, mwanangu. Nenda ukatuombee mvua.”

Mwenyewe akarudi shambani peku. Baada ya hapo ningepandaje gari?

Siku mbili baadaye niliingia kanisani Tabora nikichechemea, mbele ya kiongozi, raba nimejitwika kichwani. Zilishindwa kunibeba, nikazibeba mimi.