Tarumbeta yangu ya Kasese, upepo, na unga wa misaipresi

Wakuu, habari za humu.

Kwa umri wangu nadhani wengi wenu ndio mnaopaswa kunipa shikamoo, lakini yaishe. Hiki kisa nilikiishi mwenyewe. Atakayesema ni chai, aje nimwonyeshe pua yangu.

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa konstebo kwenye kambi moja ya polisi Kasese, magharibi mwa Uganda. Mimi Mteso, mtu wa mashariki, nimetoka mbali, sijui mtu.

Shabaha sikuiweza. Mbio ndiyo kabisa. Lakini tarumbeta! Bendera ikipanda asubuhi na mimi napuliza, wake za askari walikuwa wanaacha kufua wasikilize. Nilikuwa sina kingine cha kujivunia duniani, na niliipenda ile tarumbeta kuliko cheo.

Shida ilianza kiangazi.

Kambi ilizungushiwa misaipresi, ile miti watu wanakata Krismasi. Siku nyingine napiga safi. Siku nyingine nikianza tu, pua inawasha, macho yanamwagika, halafu chafya inaingia ndani ya tarumbeta. Mmewahi kusikia chafya ikitokea kwenye shaba? Ng'ombe aliyekanyagwa mguu ana afadhali.

Sajenti wetu aliona namfanyia mzaha. Adhabu yake? Kufagia chini ya misaipresi, wiki nzima.

Yaani napewa adhabu kwa kupiga chafya, na adhabu yenyewe ndiyo inaongeza chafya. Zahanati nikaandikiwa dawa ya malaria. Nilimeza yote, masikio yakavuma, chafya palepale.

Aliyenifungua macho ni Masika, mama wa Kikonzo, kabila la milima ile, aliyekuwa akituletea maharage kutoka Bwera. Siku moja alinikuta na fagio, nalia kama nimefiwa.

"Afande, hii miti njo inakuua," akasema. "Mvula ikinyesha, weye iko muzuri. Jua ikikuja na upepo, miti inatoa unga, weye unalia kama mutoto. Miye naona kila mara nakuja."

Akatikisa tawi moja. Wakuu, ulitoka moshi wa njano!

Tangu hapo nikawa mtu wa kuangalia mawingu. Asubuhi ya ubaridi na umande, miti imetulia, napiga raha mustarehe. Mvua ikinyesha vizuri, unga wote unashuka chini. Lakini jua likirudi, matawi yakakauka, upepo ukashuka kutoka milimani, hapo ni balaa, tena kubwa kuliko kabla ya mvua.

Siku hizi mnaita aleji. Sisi hatukuwa na jina, tulikuwa na leso tu.

Sasa ukaja ukaguzi. Wakubwa wanatoka Kampala. Sajenti akaamrisha misaipresi ikatwe vizuri, inyooke kama ukuta, asubuhi ileile ya paredi. Jua kali, upepo unavuma kuelekea uwanjani.

Nikajikaza. "Afande, naomba tukate baada ya mvua. Leo hii unga itatumaliza."

"Funga mdomo! Wewe ni askari ama ni redio ya hali ya hewa? Kata!"

Tukakata. Hadi kofia zikawa za njano.

Mnajua kilichofuata. Mkubwa amesimama saluti, bendera imefika katikati, nami nikapiga chafya saba ndani ya tarumbeta. Nilizihesabu. Kuna mtu nyuma alicheka, na mpaka leo sijamsamehe.

Jioni ile tarumbeta ikachukuliwa. Nikapewa transfa kwenda mpakani, Bwera. Nililia njia nzima, na safari hii haikuwa misaipresi.

Bwera nilipona kabisa. Karibu na kituo palikuwa na migomba na kahawa tu.

Kiangazi kilichofuata Land Rover ikasimama kituoni. Akashuka yule sajenti wa Kasese, kamshika mkono binti yake wa miaka kama tisa. Mtoto anapumua kwa filimbi, macho yamevimba.

Hakunisalimia. Akasema, "Ile unga uliniambia. Hebu niambie tena."

Nikamweleza yote: mvua, jua, upepo, lini amfungie mtoto ndani na lini amwache acheze. Alisikiliza, kofia mkononi. Sikuwahi kumwona hivyo.

Halafu akamwangalia mtoto. "Alikuwa anasema hawezi kwenda shule, kifua inabana. Mimi nasema ni uvivu. Nilimuchapa."

Akamfuta mtoto macho kwa leso.

"Nilimuchapa siku zote za jua."

Hasira yote niliyoibeba mwaka mzima iliniishia pale.

Kwa hiyo wakuu, mtu wako akisema anaumwa leo na jana alikuwa mzima, toka nje uangalie upepo kabla hujamwita mwongo. Mimi nilipoteza tarumbeta tu. Yule sajenti alipoteza zaidi: viboko alivyompiga mtoto mgonjwa havirudishiki.

Haya, wenye pua kama yangu jitokezeni. Kwenu ni mti gani, na huwa unawaanza kukiwa na hali gani ya hewa?