Yai Viza

Leo yai viza limepasuka jikoni kwangu. Watoto wamekimbia nje wameziba pua. Mimi nimebaki nanusa.

Masika moja ya utoto wangu banda letu la kuku lilikuwa tope tupu. Mama aliyafuta mayai ya kuuza kwa gunzi kavu, akinikataza maji, maana yai lililooshwa huoza upesi. Muuza chipsi wa stendi ya Dumila, mteja wetu, hakuitikia hata shikamoo yangu.

"Mama, mayai machafu kama mwanao!" akasema mbele ya abiria, akacheka. Mama akainamisha kichwa.

Safari iliyofuata niliyaosha kwa siri, kwa maji ya dimbwi.

"Haya sasa ndiyo mayai!" akasema, akayapanga kwenye kabati la kioo.

Siku chache baadaye tukamkuta kapasua moja kikaangoni, abiria wameziba pua, wanamtukana. Nikamsogelea, nikapaza sauti:

"Shikamoo!"